Waridi Limeanguka, Mdudu Ameanguka

Mama yangu ana miwaridi saba mbele ya nyumba yake pale Mbinga. Miwili inatoa maua mekundu, minne ya pinki iliyopauka, na mmoja mweupe. Ule mweupe si wa madukani. Petali zake ni chache, katikati pako wazi, unaona mpaka unga wa manjano, na harufu yake inakufikia ukiwa bado barabarani. Kipande cha kupanda alipewa na masista zamani, kabla mimi sijazaliwa. Tangu baba afariki, kila Jumamosi jioni mama hukata ua moja la mwaridi ule, hulifunga kwenye kitambaa chenye unyevu na kulipeleka makaburini. Maua mengine anaweza kukupa ukiomba. Lile jeupe usiombe.

Mwezi wa sita mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa kumbukumbu ya miaka mitatu ya mzee. Mnaoijua Mbinga ya mwezi wa sita mnajua baridi yake: asubuhi ukungu umelala juu ya migomba na mibuni, watu wamejifunika mashuka mpaka saa nne. Nilikuta vichipukizi vya miwaridi vimejaa wadudu wadogo wa kijani, wamebanana kama abiria wa daladala saa kumi na mbili jioni. Vidukari. Wakulima wengi huwaita wadudu mafuta, kwa sababu ya ule utomvu mtamu wanaouacha juu ya majani mpaka yang'ae kama yamepakwa mafuta ya kupikia. Matumba yalikuwa yamejikunja, hayafunguki.

“Mwanangu,” mama akasema, “hebu nipigie dawa hawa wadudu. Jumamosi watu wanakuja.”

Nikaenda dukani. Duka lenyewe sitalitaja, na sidhani lina dhambi kuliko maduka mengine kumi ya aina yake. Kijana akanipimia dawa kwenye chupa ya soda, akafunga kwa kifuniko cha chupa ya maji. Nikamuuliza ni dawa gani. “Hii inaua kila kitu,” akanijibu, kwa fahari ya mtu anayeuza mali nzuri. Nikachukua bomba la mgongoni la marehemu baba, likiwa bado stoo na mkanda wake uliokatika ukaungwa kwa kamba ya katani, nikapiga dawa saa nne asubuhi, jua likiwa limeanza kutoka. Jioni vidukari wote walikuwa wamekauka. Mama akanisifu. Nami nikajisikia mtoto wa maana, maana kwa kweli tangu nianze kazi ya kuandika sijawahi kumfanyia mama kitu ambacho matokeo yake yanaonekana kwa macho.

Kesho yake asubuhi jirani yetu alibisha hodi akiwa na ungo. Ni fundi cherehani, mtu mpole, ana mizinga miwili ya nyuki nyuma ya nyumba chini ya mparachichi. Ndani ya ungo mlikuwa na nyuki waliokufa, labda vikombe viwili ukiwapima. Hakupiga kelele. Aliniangalia tu akasema, “Mwandishi, hawa ni wako au wangu?”

Sikuwa na jibu siku ile. Makala hii ni jaribio la kumjibu.

*

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo zana pekee ninayoijua vizuri.

Kiswahili kina jambo moja la ajabu ambalo walimu wetu walitufundisha kama kanuni ya mtihani tu, wasituambie kwamba ni falsafa. Ukisema jiwe, unasema limeanguka. Ukisema waridi, unasema limeanguka. Ukisema mtoto, unasema ameanguka. Na ukisema mdudu, unasema ameanguka. Hata kidukari, ambaye kwa umbo la jina lake angepaswa kukaa na kiti na kisu, akitambaa hatusemi kinatambaa. Tunasema anatambaa. Sarufi yetu ilikwisha kuamua zamani: waridi, pamoja na uzuri wake wote na mashairi yote tuliyoliandikia, liko upande wa jiwe. Mdudu yuko upande wa mtoto.

Sasa mimi nilikuwa nimewaua hao wa upande wa mtoto kwa ajili ya kile cha upande wa jiwe.

Najua utaniambia sarufi si maadili. Kweli. Lakini lugha hiyo hiyo ina ushahidi mwingine, na huu unakwenda upande wa pili. Mdudu ni tusi. “Mdudu wewe!” Mdudu ni ugonjwa pia: watu wa rika langu tulikua tukisikia wakubwa wakinong'ona kwamba fulani “ana mdudu”, na tulijua kwamba mtu huyo ameshaanza kuzikwa kwa maneno kabla ya kufa. Neno lile lile linampa kiumbe uhai kwa kiambishi na kumnyang'anya heshima kwa maana.

Halafu kuna neno dawa. Ninywapo kidonge cha malaria, nakunywa dawa. Nimwagiapo wadudu sumu, napiga dawa. Chupa ile ya soda ingeitwa sumu, nadhani mama asingenituma, nami nisingeibeba mfukoni kama nilivyoibeba. Wataalamu wameleta neno lao rasmi, kiuatilifu, yaani kinachoua chenye kutilifu, chenye kuharibu. Neno zuri, limeundwa kwa ufundi, lakini tazama lilivyokwisha kutoa hukumu kabla kesi haijasikilizwa. Linadhani kinachokufa ni kile kinachoharibu tu. Nyuki wa fundi cherehani hawakuharibu kitu. Chupa haikuwauliza.

Na hili la kuiita sumu dawa si letu peke yetu. Mwaka 1939 mkemia wa Uswisi, Paul Müller, aligundua kwamba DDT inaua wadudu, na mwaka 1948 akapewa Tuzo ya Nobel. Tuzo ipi? Ya tiba. Kamati haikukosea: DDT iliua chawa wa homa ya tifasi ya vitani na mbu wa malaria, ikaokoa watu wengi sana. Miaka 14 baadaye Rachel Carson wa Marekani alichapisha kitabu chake, Silent Spring, akaonyesha kwamba tiba ile ile haibaki pale ilipopigwa. Inaingia kwenye udongo, kwenye maji, kwenye mafuta ya samaki na ndege. Hoja yake kubwa, kama ninavyomwelewa, haikuwa kwamba tusiue mdudu hata mmoja. Ilikuwa kwamba hatujui tunamuua nani.

*

Lazima nikiri jambo hapa kabla sijajivika kanzu nyeupe.

Mimi nimesomeshwa na wadudu waliokufa. Baba alikuwa na mibuni upande wa milimani, na kahawa ya Mbinga ndiyo iliyolipa ada yangu ya sekondari, nauli ya kwenda chuo kikuu, na suruali niliyovaa siku ya mahafali. Kahawa ina maadui wake: ruhuka anayetoboa tunda na kutaga humo, bungua anayetafuna shina kwa ndani mpaka mbuni mzima unanyauka, kunguni wa kahawa anayenyonya tunda changa na kuharibu ladha. Kwa hiyo baba alipiga dawa. Alichanganya kwenye ndoo kwa kijiti, na kijiti kikipotea, kwa mkono. Bomba likiziba alilitoa pua yake akaipuliza kwa mdomo. Glavu sikuwahi kuziona nyumbani kwetu. Dawa mojawapo iliyotumika sana kwenye kahawa nchini mwetu enzi hizo, endosulfani, iliwekwa mwaka 2011 kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani chini ya Mkataba wa Stockholm. Wakati huo nilikwisha kumaliza kusoma kwa pesa zake.

Mzee alikufa kwa kifua. Cheti hakikuandika kahawa, wala mimi siwezi kuandika kile ambacho daktari hakukiandika. Ninachojua ni kwamba nilipolivaa bomba lile mgongoni, mkanda wa katani ukanikaa begani pale pale ulipokuwa umemchora yeye alama, nilijisikia nimevaa kitu kizito kuliko lita zake kumi na tano.

Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya mkulima wa kahawa nikamwambia kuua wadudu ni dhambi. Ningekuwa namtukana baba. Wala siwezi kusimama mbele ya mama wa Mbamba Bay au Lituhi, ambaye mtoto wake anatetemeka kwa malaria, nikamwombea mbu msamaha. Pale hakuna mjadala. Mbu anakuja kuchukua uhai, na chandarua chenye dawa ni mlango uliofungwa mbele ya mwizi.

Ila ukiziweka kesi hizi kwenye mstari, unaona kitu. Mbu anaua mtoto. Ruhuka anaua ada ya shule. Kidukari anaua nini? Anaua uzuri. Anakunja tumba la ua ambalo haliliwi, haliuzwi, halitibu. Swali langu basi ni hili: je, uzuri unatosha kuwa sababu ya kuua?

*

Wapo waliosema hapana, na kwa kila kitu. Albert Schweitzer, daktari aliyejenga hospitali Lambaréné, Gabon, alifundisha kwamba uhai wote unastahili uchaji. Aliandika kwamba mtu mwadilifu, akifanya kazi usiku kwa taa wakati wa joto, ni heri afunge dirisha na kuvuta hewa nzito kuliko kuona wadudu wakianguka mezani mabawa yameungua. Picha hiyo inanigusa. Lakini Schweitzer alikuwa daktari, na kila siku aliua vijidudu kwa mamilioni ndani ya miili ya wagonjwa. Alilijua hilo na hakulificha: alisema ukiua kwa lazima, beba lawama yake, usijifanye huna. Tatizo langu naye ni jingine. Mtu huyo aliyemwonea huruma nondo aliwaita Waafrika wadogo zake. Inawezekana kabisa kumwangalia mdudu kwa makini na kumpita mtu.

Wapo waliosema ndiyo, bila wasiwasi, kwa sababu mdudu hana hisia. Ukweli wenyewe unazidi kuwa mgumu. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, waliripoti kwamba nyuki bambi waliviringisha vijipira vya mbao tena na tena bila kupewa chakula wala zawadi yoyote. Walikuwa, kwa namna yoyote tunayoweza kuitamka, wanacheza. Sijui kama kidukari hucheza. Sidhani. Lakini niliposoma habari ile niliukumbuka ungo wa fundi cherehani, nikafunga simu.

Na kama unadhani bustani ikiachwa yenyewe itakuwa pepo, chunguza kidukari kwa karibu. Jike huzaa bila dume, huzaa watoto hai, na mtoto anapozaliwa tayari tumboni mwake mna wajukuu wanaokua. Ndiyo maana leo unaona kumi na wiki mbili baadaye huoni shina. Kisha anakuja nyigu mdogo kuliko punje ya ulezi, anamchoma kidukari na kutaga yai ndani yake. Funza anakula kutoka ndani, kidukari anavimba, anakauka, anakuwa gamba la kahawia lenye tundu la duara mgongoni. Jamaa za nyigu huyo ndio waliomtesa Charles Darwin. Mwaka 1860 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kwamba hawezi kujishawishi kuwa Mungu mwema angekusudia kuumba wadudu wa kula viwavi wakiwa hai. Huko kwenye mwaridi hakuna hakimu. Anayeleta swali la haki pale ni yule mwenye bomba mgongoni.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa zamani kuliko hao wote. Katika Kurani imo sura inayoitwa kwa jina la sisimizi. Jeshi la Nabii Suleimani linakaribia bonde, na sisimizi mmoja anawaambia wenzake waingie majumbani mwao, Suleimani na majeshi yake wasije wakawaponda bila kutambua. Suleimani anasikia, anatabasamu, anamshukuru Mola. Mara ya kwanza niliposimuliwa kisa hicho na rafiki wa Mbamba Bay, nilivutiwa na mdudu anayesema. Siku hizi navutiwa na udhuru wake. Sisimizi hamwiti Suleimani katili. Anamwona mkubwa tu, na mkubwa huponda bila kujua. Mimi sikuwa na hata nusu ya udhuru huo, kwani niliambiwa. “Hii inaua kila kitu.” Niliambiwa kwa Kiswahili fasaha, nikalipa.

*

Wiki tatu baada ya kumbukumbu mama alinipigia simu Dar es Salaam. “Wamerudi,” akasema, “na safari hii wamekuja na ukoo mzima.”

Hili si muujiza. Dawa iliyoua vidukari ilikuwa imewaua na wanaowala: wale wadudu wa duara wekundu wenye madoa meusi ambao watoto hupenda kuwatembeza mkononi, funza wao walio kama vimamba vidogo, nyigu wale wa Darwin. Anayezaa bila dume hurudi upesi kuliko anayehitaji kutafuta mchumba. Kwa wiki kadhaa miwaridi ya mama ilikuwa mji usio na polisi, na polisi niliwaua mimi.

Mwezi wa tisa kazi ilinipeleka Nyasa. Barabara ya kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kama kilomita 66, siku hizi ni lami, inashuka kwenye milima ya Umatengo ikizunguka na kuzunguka mpaka ghafla ziwa linafunguka chini yako. Kabla ya kushuka unapita kando ya miteremko yenye ngoro. Kwa msiozijua: Wamatengo hukata nyasi, huzilaza juu ya mteremko kwa mistari inayokatizana kama nyavu, kisha huchimba udongo katikati ya kila jicho na kuufunika juu ya nyasi. Mlima mzima unakuwa na vishimo mamia. Maharage hupandwa juu ya matuta, mahindi hufuata. Nyasi zinaozea humo humo na kuwa mbolea, na mvua ikija haipati njia ya kukimbia na udongo. Inakaa kwenye vishimo, kidogo hapa, kidogo pale.

Nimezipita ngoro hizo maisha yangu yote. Siku ile, kwa kuwa nilikuwa na vidukari kichwani, niliziona upya. Mtu mwenye shamba kwenye mteremko mkali ana adui wawili, nyasi na maji. Hawa wazee hawakuchoma nyasi wala hawakujenga ukuta wa kuyazuia maji. Nyasi walizifukia zikawalisha. Maji waliyapa vijumba vidogo vya kulala. Adui hakuondolewa, alipunguzwa nguvu akabaki palepale.

Jioni ya pili pale Mbamba Bay niliona wingu jeusi juu ya ziwa, limesimama kama moshi wa meli inayoungua. Si moshi. Ni vijinzi vya ziwa, mabilioni, waliokulia majini wakiwa funza na sasa wanapanda hewani kujamiiana na kufa. Ndugu zetu wa upande wa Malawi huwaita nkhungu, na huwakamata, huwaponda na kuwapika mikate myeusi yenye protini kuliko nyama. Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anashona nyavu aliniambia alikula mikate hiyo utotoni kwa wajomba zake ng'ambo. Nikamuuliza ilikuwa na ladha gani. Akafikiri. “Kama samaki aliyefundishwa udongo,” akasema, akaendelea kushona.

Huko juu Mbinga mdudu ni wa kupigwa dawa. Huku chini, ng'ambo kidogo tu ya maji, mdudu ni kitoweo. Kumbikumbi mvua za kwanza zikinyesha, nani kati yetu hakuwakimbilia na beseni? Mdudu hazaliwi mharibifu. Sisi ndio tunampa cheo hicho, kufuatana na tunachokitaka siku hiyo. Cheo kinaweza kuwa cha haki, kama kwa mbu. Lakini kikiwa chetu kukitoa, basi na lawama ni yetu.

*

Nilipopanda kurudi Mbinga nilimkuta kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, amekaa na mama barazani. Yeye ndiye anayelima kahawa sasa, pamoja na ile ya baba. Nikamsimulia mawazo yangu yote haya, Schweitzer na sisimizi na ngoro. Alisikiliza mpaka mwisho, mtu wa heshima.

“Mdogo wangu,” akasema, “wewe una maua saba. Mimi nina mibuni elfu mbili. Njoo uwatoe ruhuka kwa vidole, nikupe chakula.”

Amenishinda, na sitajifanya hakunishinda. Anachonidai kaka ni kwamba maadili ya mtu mwenye maua saba yasiwe sheria kwa mwenye mibuni elfu mbili. Hata hivyo, tulipoendelea kuongea, ilikuja kuonekana kwamba yeye ananizidi hata kwenye hili. Anakwenda Ugano, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa, amefundishwa kupogoa mibuni ili hewa na mwanga vipite, kuokota matunda yote yaliyobaki mtini na chini baada ya mavuno ili ruhuka akose pa kulala, na kupiga dawa pale tu anapohesabu wadudu akaona wamezidi. Ananunua chupa yenye lebo, na kwenye lebo anaangalia utepe wa rangi: nyekundu kali zaidi, kisha njano, bluu, kijani. Chupa yangu ya soda haikuwa na utepe. Ilikuwa na picha ya chungwa.

Kwa maneno mengine, mkulima anayeishi kwa kuua amejifunza kuhesabu kabla ya kuua. Ni mimi, niliyekuja likizo na kutaka maua yapendeze Jumamosi, niliyepiga bila kuhesabu.

Hapo ndipo nilipokumbuka riwaya ambayo wengi wenu mmeisoma. Kezilahabi alipochapisha Rosa Mistika mwaka 1971, alimpa binti wake jina ambalo kila Mkatoliki wa Mbinga analitamka kwenye litania ya Bikira Maria. Zakaria, baba wa Rosa, ana ua moja na anaogopa wadudu. Analilinda kwa fimbo, kwa vitisho, kwa kufunga kila dirisha, na wasomaji wanajua ua lile lilivyoishia. Tumezoea kuisoma riwaya ile kama onyo kwa mabinti. Nadhani ni onyo kwa wenye bomba. Ulinzi usiobagua unaua na vile ambavyo vingemlinda Rosa baadaye, kama vile kumzoea mvulana kwa salamu tu, au kuwa na baba anayeweza kuulizwa swali.

Basi je, uzuri unatosha? Jibu langu, na ni la mwenye maua saba, ni kwamba unatosha kidogo. Ua jeupe la mama si pambo tu, ni namna yake ya kuongea na mumewe kila Jumamosi, na sioni aibu kusema kwamba mazungumzo hayo yana uzito kuliko kidukari. Lakini yanatosha kuua vidukari wale, pale, kwa kiasi kile. Hayatoshi kuua nyuki wa jirani. Kadiri sababu yako inavyokuwa nyepesi, ndivyo unavyopaswa kuua kwa karibu zaidi, ukiona unachokiua. Mwenye mtoto anayeumwa malaria anaweza kupewa mkono mrefu. Mwenye waridi apewe vidole.

*

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata mimi na mama tulitoka na bakuli la maji ya sabuni. Unashika tumba kwa vidole viwili, unavuta taratibu kutoka chini kwenda juu, unachovya. Vidole vinakuwa vya kijani na vinanata. Si kazi nzuri. Niliona miguu yao ikitapatapa juu ya maji, jambo ambalo kwa bomba sikuliona hata mara moja, na sitasema nilizoea. Tuliwaacha wenye magamba ya kahawia, kwa kuwa ndani mna nyigu. Kwenye mwaridi wa pinki wa mwisho, karibu na uzio, mama alinishika mkono.

“Huu waachie,” akasema.

“Kwa nini?”

“Wale wekundu wakija watakula nini?”

Fundi cherehani alikuwa anatuangalia kwa mbali akiwa amesimama mlangoni na futi yake shingoni. Mzinga mmoja ulikuwa umekufa kabisa, mmoja ulikuwa unajikongoja. Nilikwenda kumwambia kwamba wale nyuki wa kwenye ungo walikuwa wake na kifo chao kilikuwa changu, na kwamba ningependa kumlipia mzinga. Akanikatalia pesa. Akasema nikiwa na nafasi nimwandikie, aweke ukutani, kwamba watu wapige dawa jioni nyuki wakishalala. Nikamwandikia kwa maandishi makubwa. Nimeambiwa bado ipo, pembeni ya kalenda.

Jumamosi jioni nilimsindikiza mama makaburini. Alipofungua kitambaa na kulaza ua juu ya msalaba, niliona vidukari watatu wamebaki chini ya petali, wanatembea polepole. Nikanyoosha mkono niwatoe.

“Acha,” mama akasema. “Alipigana nao maisha yake yote. Watakuwa wamekuja kumsalimia.”